Je, gemu huru zinastahili sifa zinazopewa?

Swali: "Nimecheza gemu za kampuni kubwa kwa miaka mingi. Rafiki yangu akanishawishi nijaribu zile zinazotengenezwa na watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Nilianza na Hollow Knight, ikaninasa. Kisha nikanunua nyingine, ya kuokoka msituni, iliyokuwa ikiuzwa huku bado inatengenezwa. Ina hitilafu tele, na wenyewe wamenyamaza kwa zaidi ya mwaka sasa. Je, gemu hizi ni bora kweli, au watu wanazisifu kwa kumhurumia mnyonge? Na nitajuaje ipi ya kununua kabla sijatoa fedha?"

Ndugu msomaji, gemu zako mbili zimetoka tumbo moja. Kilichokunasa kwenye Hollow Knight na kilichoiangusha ile ya msituni ni jambo lile lile: watu wachache walioamua watakavyo, bila mkubwa wa kuwazuia. Ndiyo maana gemu bora kabisa na gemu mbovu kabisa unazikuta kwenye kundi hili hili, na ndiyo maana kuna pa kutazama kabla ya kulipa.

Mipaka ya kundi lenyewe hugombewa kila msimu wa tuzo. Dave the Diver iliteuliwa kuwania tuzo ya gemu huru bora kwenye The Game Awards za 2023 ingawa studio iliyoitengeneza ilikuwa chini ya Nexon, kampuni kubwa kutoka Korea Kusini, na watu walilalamika kwa haki. Mimi natumia kipimo kimoja: nani ana neno la mwisho juu ya gemu? Kama ni wale wale wanaoitengeneza, basi ni huru, hata kama kuna kampuni iliyowasaidia kuitangaza na kuiuza.

Sasa tuichukue gemu uliyoipenda, Hollow Knight, ambamo unachunguza nchi ya chini ya ardhi. Unakumbuka ramani yake? Ukiingia eneo jipya huna ramani kabisa. Unatangatanga hadi uone karatasi zimetapakaa chini na usikie mtu akiimba taratibu peke yake: ni Cornifer, mchora ramani. Anakuuzia ramani isiyokamilika. Ukitaka ijazwe sehemu unazopita, ni lazima ununue kalamu kwenye duka la mkewe, halafu ukae kwenye benchi ndipo michoro mipya iingie. Na ukitaka kuona wewe mwenyewe uko wapi kwenye ramani hiyo, inabidi uvae hirizi ya dira, nayo inachukua nafasi ambayo ungeweka hirizi ya kukusaidia vitani. Kwa hiyo kujua ulipo kuna gharama, na kila mchezaji anajiamulia kama atailipa.

Kwenye gemu kubwa, alama ya kukuonyesha ulipo huwa unayo tangu dakika ya kwanza. Sababu yake ni hesabu. Gemu iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola haina budi kuuza mamilioni ya nakala ndipo gharama irudi, kwa hiyo chochote kinachoweza kumkwaza hata mchezaji mmoja hulainishwa mapema. Team Cherry, kikundi cha watu watatu hivi huko Adelaide, Australia, walioitengeneza Hollow Knight, kilichangisha kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi, dola za Australia 57,000 na ushei. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya gemu huru: wenye mzigo mwepesi kiasi hicho hawalazimiki kumridhisha kila mtu. Waliweza kukuacha upotee, na nchi ile ya chini ya ardhi inaonekana kubwa na ya kale kwa sababu uliwahi kupotea ndani yake. Gemu ilipotoka mwaka 2017 waliendelea kuiongezea maeneo na maadui wapya bila kumtoza mtu senti.

Nguvu ya pili ni mada. Kuna mambo ambayo sioni ni meneja gani angeyapitisha kwenye kikao. Mwaka 2013 Lucas Pope, akifanya karibu kila kitu peke yake, alitoa Papers, Please. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Kazi yako ni kulinganisha karatasi: tarehe ya mwisho, picha na sura iliyo mbele yako, mihuri, mji uliotoa hati. Meza imefanywa ndogo kwa makusudi. Karatasi zinapandana, kitabu cha kanuni kinafunika kibali, unazisogeza kwa kipanya huku saa ikienda, kwa sababu malipo yako ni kwa kila mtu uliyemshughulikia. Usiku ujira huo unagawanywa kwa kodi, chakula na kupasha nyumba joto, na usipotosha, wa nyumbani kwako wanaanza kuugua. Halafu siku moja anapita mwanamume mwenye hati safi, na nyuma yake anakuja mkewe ambaye hana kibali. Gemu haikuhubirii kitu. Inakuachia mhuri mkononi na foleni ndefu nje. Tangu nilipoicheza, sijawahi kuona mfano bora wa jinsi gemu inavyoweza kumfanya mtu aelewe utumishi katika utawala wa kikatili kwa kuufanya, si kwa kusimuliwa.

Nguvu ya tatu ni subira. Eric Barone alitumia zaidi ya miaka minne kuitengeneza Stardew Valley, gemu ya ukulima kijijini, peke yake: programu, michoro, muziki na maneno ya kila mwanakijiji. Ilitoka Februari 2016, na Machi 2024 alikuwa bado anatoa nyongeza kubwa bila malipo kwa watu walioinunua miaka minane nyuma. Ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, walianza kuigawa Dwarf Fortress bure mwaka 2006, ikiwa na herufi na alama mahali pa picha, wakiishi kwa michango ya wachezaji. Toleo la kulipia lenye michoro lilifika Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Desemba 2022. Kampuni inayotoa hesabu kwa wanahisa kila robo mwaka ina kazi ngumu kuvumilia namna hiyo.

Kwa hiyo suala la huruma liondoe. Stardew Valley imepita nakala milioni 30. Balatro, gemu ya karata iliyobuniwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina la LocalThunk tu, iliuza nakala milioni moja ndani ya mwezi wake wa kwanza mwaka 2024. Watu hawatoi fedha zao kumhurumia mtu wasiyemjua hata jina.

Kasoro ndizo nitakazokaa nazo zaidi, kwa sababu sisi wapenzi wa gemu hizi huzipita mbio, na wanunuzi kama wewe ndio wanaoumia.

Kubwa kuliko zote ni kuahidi kupita uwezo wa mikono iliyopo. Ile ya kuokoka msituni ndiyo aina inayoanguka kirahisi zaidi, na ni vizuri ujue kwa nini. Tuseme mtengenezaji ameongeza mlango. Mlango mmoja tu. Sasa mnyama anayekufukuza lazima ajue umefungwa, asipenye ukutani. Mvua isinyeshe ndani. Ukizima na kurudi kesho, gemu ikumbuke kama uliuacha wazi. Mkiwa wawili mtandaoni, mmoja akaufungua sekunde ile ile mwenzake anaufunga, kompyuta zote mbili zikubaliane umekaaje. Ukibomoa ukuta, mlango usibaki ukielea hewani. Kila kitu kipya kinagusana na vyote vilivyotangulia, hivyo kazi haiongezeki kwa kujumlisha, inaongezeka kwa kuzidisha. Kampuni kubwa huajiri makundi ya wajaribu wanaofungua na kufunga mlango huo siku nzima wakiandika kilichoharibika. Watu wawili au watatu hawana nafasi hiyo, na anayejaribu ni wewe uliyelipa.

Hapo hapo fedha nazo zinaenda kinyume. Tangu Machi 2013 Steam inaruhusu gemu kuuzwa ikiwa bado jikoni. Wanunuzi wengi huja siku za mwanzo, wakati msisimko uko juu, kisha mapato yanashuka huku kazi iliyobaki ikizidi kuvimba. Mtengenezaji anajikuta anadaiwa miaka miwili ya kazi na watu waliokwisha kulipa, na kodi ya nyumba haisubiri. Mara nyingi kimya unachokiona kinaanzia hapo. Wapo matapeli, ndiyo, lakini wengi wao ni watu waliopiga hesabu vibaya na sasa wanaona aibu kusema. Kwako uliyetoa fedha matokeo ni yale yale, na wala sikuombi uwasamehe.

No Man's Sky ndiyo mfano unaotajwa zaidi wa ahadi kubwa. Studio ndogo ya Hello Games nchini Uingereza iliitoa Agosti 2016 baada ya matarajio makubwa mno, na wachezaji wakagundua kwamba mambo waliyoyatazamia, hasa kukutana na wenzao angani, hayamo. Kilichofuata ni cha kusifiwa: walinyamaza, wakafanya kazi, wakatoa nyongeza baada ya nyongeza bila malipo, na mwaka 2018 kucheza pamoja kukaingia kikamilifu. Lakini angalia kilichowawezesha. Gemu iliuza sana mwanzoni, hivyo walikuwa na akiba ya kujirekebishia. Wengi wanaoanguka vile hawana akiba hiyo, kwa hiyo usimpe mtengenezaji mwingine fedha kwa matumaini kwamba naye atafanya kama Hello Games.

Hata Team Cherry uwapendao hawakupona. Mwendelezo wa Hollow Knight, Silksong, ulitangazwa Februari 2019 na ukatoka tarehe 4 Septemba 2025. Katikati palipita miaka yenye habari haba kabisa. Hapakuwa na bosi wa kuwaharakisha, na hiyo ilikuwa heri kwa gemu. Hapakuwa pia na mtu wa kuwalazimisha waseme neno, na hilo liliwatesa waliokuwa wanasubiri. Ilipotoka, mambo mawili yalijitokeza ambayo ni ya kawaida kwa studio ndogo. Wachezaji wa Kichina waliilalamikia tafsiri kwa ukali hadi studio ikaahidi kuiboresha. Na wengi waliona mwanzo wake ni mgumu kupita kiasi, kiasi kwamba sasisho la kwanza lilipunguza makali ya baadhi ya maadui wakubwa wa mwanzoni. Anayetengeneza gemu kwa miaka mingi huwa ameicheza hadi vidole vimeizoea, hawezi tena kuhisi ugumu anaouhisi mgeni. Ukiwa na wajaribu wengi wapya hilo linaonekana mapema.

Si lazima iwe hivyo, lakini. Celeste ya mwaka 2018 ni gemu ngumu ya kuruka mlimani, na waliitengeneza wachache. Ukichelewa kidogo kubonyeza kitufe cha kuruka baada ya mguu kuacha ukingo, gemu bado inakuhesabia kwamba uliruka. Ukibonyeza mapema kidogo kabla ya kutua, inalikumbuka agizo lako. Huruma hizo ndogo hazionekani kwa macho, zinasikika mkononi tu. Juu ya hapo kuna sehemu ya msaada inayokuwezesha kupunguza kasi ya gemu nzima au kutokufa kabisa. Timu ndogo ikiamua kumfikiria mgeni, inaweza.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana: kuigana. Watu hudhani uhuru huzaa ujasiri. Tazama kilichotokea baada ya Slay the Spire kukamilika mwaka 2019: wimbi la gemu za kujenga fungu lako la karata ukipanda ghorofa baada ya ghorofa, kama yenyewe. Vampire Survivors nayo ikazaa wimbi lake, na Balatro vilevile. Nyingi kati ya hizo hazina wazo hata moja la kwao. Mtengenezaji mdogo anaogopa njaa kama mtu yeyote, na kufuata kilichouzwa jana kunampa usingizi. Kwa hiyo usinunue kwa sababu tu imetengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake. Upweke hauongezi ubunifu.

Mambo mengine niyapitie haraka. Gemu za mtandaoni za studio ndogo hufa zikiwa nzima, kwa sababu tu hakuna wachezaji wa kutosha kujaza mechi. Kabla ya kununua angalia ni watu wangapi wanacheza saa hii. Ukitaka dunia pana yenye maelfu ya sauti za waigizaji, au soka yenye ligi na wachezaji wa kweli, nenda kwa wakubwa bila aibu, kazi hiyo wanaijua na fedha ya leseni wanayo. Na gemu fupi za kusimulia hisia zina tatizo la kimaisha: mtu akishaitazama yote kwenye video ya mwingine, haoni sababu ya kuinunua. Hilo liliwapata waliotengeneza That Dragon, Cancer ya mwaka 2016, iliyosimulia maisha na kifo cha mtoto wao. Ilitazamwa na watu wengi mno kuliko waliolipa.

Kuhusu swali lako la ubora, kuna hesabu ambayo sifa huificha. Gharama ya kuweka gemu Steam ni dola 100, na mwaka 2024 pekee zilitoka gemu zaidi ya 18,000 humo, nyingi zikiwa za watu wadogo. Unazozisikia zikisifiwa ni zile chache zilizovuka. Baadhi hazikuvuka kwa ubora peke yake: Among Us ilitoka 2018 na ikakaa karibu miaka miwili bila kelele yoyote, mpaka 2020 warushaji wa video walipoigeuza kuwa gumzo la dunia. Kwa hiyo mtu akikuambia gemu huru ni bora kuliko za kampuni kubwa, mara nyingi anachukua kumi bora za upande mmoja na kuzilinganisha na za wastani za upande wa pili. Jibu langu la wazi ni hili: za juu kabisa zinawazidi wakubwa kwa mawazo, za wastani ziko chini ya wastani wa wakubwa kwa ukamilifu, na za chini hazifai kuuzwa.

Basi, kabla ya kulipa, soma ukurasa wa gemu ukijiuliza swali moja: kinachoahidiwa ni kikubwa kiasi gani, na ni mikono mingapi inayokibeba? Watu wawili wanaoahidi gemu ya mafumbo ya saa nne, waamini. Watu wawili wanaoahidi bara zima lenye misimu, miji na wachezaji mia mtandaoni, subiri. Kisha tafuta walichomaliza kabla. Studio ya Supergiant waliiuza gemu yao Hades ikiwa haijakamilika kuanzia Desemba 2018, lakini nyuma yao walikuwa na Bastion, Transistor na Pyre, zote zimemalizika, na Septemba 2020 Hades nayo ikamalizika. Rekodi ya kumaliza ina uzito kuliko trela yoyote.

Kwa gemu iliyo bado jikoni, lipia kilichopo leo. Steam yenyewe huandika kwenye kurasa hizo kwamba gemu inaweza ikabadilika au isibadilike tena, na kwamba kama haikuvutii ilivyo sasa, usubiri. Tazama tarehe ya sasisho la mwisho. Tangu mwanzoni mwa 2025 duka hilo huonyesha tahadhari pale gemu ya aina hiyo inapokaa zaidi ya mwaka bila kuguswa. Katika maoni, waruke wa saa moja wenye furaha na uwatafute waliocheza saa nyingi na bado wakaandika hasi ndani ya miezi ya karibuni. Hao ndio wanaojua sakafu imebomoka wapi.

Halafu tumia haki yako ya kurudisha. Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Saa ya kwanza usiimalizie kwenye mafunzo ya utangulizi: jenga, vunja, hifadhi, zima, washa tena uone kama imekumbuka. Ila kwa gemu fupi nakuomba utu kidogo. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58, gemu ya kutisha inayoisha kabla ya saa mbili, alitangaza kuacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana kwa sababu watu walikuwa wakiimaliza, wakiisifu, kisha wakidai fedha zao. Ukimaliza na ukafurahi, mwachie.

Ile ya msituni uliyonayo huenda imeshapita muda wa kurudisha. Unachoweza kufanya ni kuandika maoni yenye tarehe: nini kinafanya kazi, nini hakifanyi, na sasisho la mwisho lilikuwa lini. Kama bado unatamani kuokoka porini, jaribu Don't Starve ya studio ya Klei, iliyokamilika mwaka 2013. Walichora dunia bapa kama katuni ya karatasi, wakaacha yale ambayo wasingeyamudu, na nguvu yote wakaielekeza kwenye njaa, giza na akili inayochanganyikiwa. Na kwa kuwa ulipenda kupotea Hollow Knight, chukua Animal Well ya 2024. Billy Basso aliitengeneza peke yake kwa miaka saba hivi. Ingia bila kusoma chochote juu yake, na vaa vipokea sauti masikioni.